Majambazi Saba wa Bi Kidawa

Nchi yenyewe jina lake haliandikwi hapa, na si kwa ubaya. Raia wake walitakiwa kuomba kibali kabla ya kulitaja, na ofisi ya vibali ilikuwa imefungwa kwa ajili ya maadhimisho. Ilikuwa nchi njema tu. Watu walilima, wakauza, wakagombania mipaka ya mashamba na kupatana siku ya harusi. Upungufu wao ulikuwa mmoja: hawakuwa na adui. Na mwaka huo Serikali, kupitia Wizara ya Ulinzi wa Nafsi, ilikuwa imekwisha kuagiza bunduki elfu hamsini za kiraia.

Bunduki zikafika, zikapangwa kwenye maghala yaliyokuwa ya mahindi. Wananchi wakaalikwa kununua. Walikuja, wakazigusa, wakasifu mbao zake, kisha wakarudi makwao na kununua sabuni.

Waziri, Mheshimiwa Daktari Pandu Kirefu, alihuzunika sana.

"Bunduki tunazo," aliwaambia wasaidizi wake. "Wananchi tunao. Kinachokosekana hapo katikati ni hofu. Nani anashughulikia hofu katika nchi hii?"

Wasaidizi wote wakageuka wakamtazama mkurugenzi wa Televisheni ya Taifa, naye akafungua daftari na kuandika: hofu, ikiwezekana kabla ya Jumatatu.

*

Hayo Bi Kidawa hakuyajua. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane, mfuga kuku wa mayai katika mji mdogo uitwao Mikoroshini, na mambo yaliyomnyima raha yalikuwa ugonjwa wa kideri, bei ya pumba, na shemeji yake Makame.

Makame alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, fundi baiskeli katika mji ambao watu walikwisha kuacha baiskeli. Mtu mrefu, mpole, mwenye haya kupita kiasi. Kuomba alikuwa hawezi kabisa. Basi kila Jumamosi asubuhi alipita mlango wa nyuma wa banda la kuku, akachukua mayai sita, akaondoka zake. Kidawa alijua. Makame alijua kwamba Kidawa anajua. Kila Ijumaa jioni Kidawa aliyaweka mayai sita ndani ya ndoo karibu na mlango ili shemeji yake asihangaike kuyatafuta, na kwa miaka miwili hakuna aliyelitamka jambo hilo.

Marehemu mumewe, Kombo, alimwachia pia bunduki ya marisau, ile inayorusha chembe nyingi za risasi kwa mpigo, ambayo enzi zake aliitumia kufukuzia ngedere shambani. Sheria ilimtaka mjane aipeleke kituo cha polisi kila mwaka ikakaguliwe, ikiwa safi, imepakwa mafuta, pamoja na picha ya mmiliki akiwa hatabasamu. Jumamosi hiyo, saa tatu asubuhi, Kidawa alikuwa barazani akiifuta kwa kitambaa na mafuta ya nazi aliposikia ndoo ikigongwa bandani. Akainuka na bunduki mkononi kama mtu anavyoinuka na mwiko, akaenda kuchungulia.

"Makame, ni wewe?"

Ndoo ikagongwa tena.

"Makame, chukua yaliyo kwenye ndoo. Hayo ya juu yanaatamiwa."

"Haya, shemeji," sauti ikajibu, imejaa aibu.

Kidawa akajilaumu papo hapo kwa kumfedhehesha mtu mzima. Akageuka arudi zake. Tetea mmoja akampita miguuni, mguu ukateleza kwenye kinyesi, na risasi ambayo Kombo aliisahau humo miaka tisa iliyopita, na ambayo hakuna mkaguzi aliyewahi kuiona, ikalipuka. Sehemu kubwa ya marisau ilitoboa bati. Jogoo alikufa. Chembe nne ziliingia kwenye paja la Makame, akakaa chini taratibu, mayai yake bado mkononi.

Kidawa alilia mpaka sauti ikakauka. Alivua kanga akalifunga paja, akaazima mkokoteni wa jirani, akausukuma mwenyewe mpaka zahanati. Njia nzima majeruhi ndiye aliyekuwa akimbembeleza aliyemjeruhi.

"Si kitu, shemeji. Ni paja tu. Jogoo je?"

*

Zahanatini muuguzi alisafisha jeraha, akatoa chembe tatu, ya nne ikamshinda. Kisha akatoa fomu. Wizara ilikuwa imesambaza fomu mpya mwezi huo huo kwa ajili ya kila jeraha la bunduki, na fomu ilikuwa na visanduku viwili: Shujaa na Jambazi.

"Weka ajali," Kidawa akasema.

"Kisanduku cha ajali hakipo, mama."

"Basi acha wazi."

"Nikiacha wazi fomu inarudi, na ikirudi dawa haziji." Muuguzi alikuwa mwanamke mwenye huruma, akafikiri kwa bidii. "Wewe una tundu mwilini?"

"Sina."

"Shemeji yako analo. Basi imejipanga yenyewe." Akatia tiki mbili. "Usijali, mama. Hizi fomu hakuna anayezisoma."

Kabla ya adhuhuri zilikuwa zimesomwa na watu kumi na wanne.

*

Alasiri ile ile gari la Televisheni ya Taifa likasimama mbele ya nyumba ya Kidawa, akashuka mtangazaji Sudi Fumbwe, kijana nadhifu ambaye sauti yake kila mtu aliijua. Alimpa Kidawa pole, akamsalimia shikamoo kwa unyenyekevu, akakubali chai. Kidawa akampenda. Akamweleza yote, tangu ndoo hadi mkokoteni.

"Walikuwa wangapi?" Fumbwe akauliza.

"Nani?"

"Majambazi."

"Mwanangu, hakukuwa na majambazi. Alikuwa shemeji yangu."

"Ndiyo, lakini katika hali ya mshtuko mtu hawezi kuhesabu vizuri. Wataalamu wanasema kwa kila jambazi mmoja unayemwona, sita huwaoni." Akaandika. "Na ulijisikiaje?"

"Niliogopa. Nilisema, Mungu wangu, nimemuua ndugu yangu."

"Vizuri sana. Na huyo marehemu mzee, aliyekuacha mjane mapema hivi, hukutaka kuolewa tena? Hujutii?"

"Sijutii hata kidogo," alisema Kidawa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu.

Saa mbili usiku mji mzima ulikuwa mbele ya televisheni. Banda la Kidawa lilionekana kubwa kuliko lilivyo, na muziki wa ngoma nzito ukipigwa nyuma yake. Majambazi saba, alisema Fumbwe, wenye mapanga na nia mbaya, walivamia makazi ya mama mmoja jasiri. Hakupiga kelele. Hakuuliza mtu jina. Kisha ukaonekana uso wa Kidawa mwenyewe, sauti yake mwenyewe:

"Nimemuua. Sijutii hata kidogo." Na tabasamu.

Jirani mwenye mkokoteni, ambaye Kidawa alikwenda kutazama kwake, aliizima televisheni, kisha akamwomba Kidawa kwa adabu amruhusu kulala nyumbani mwake usiku huo, kwa usalama, maana hao sita hawajulikani wamekimbilia wapi.

"Sita gani? Si ulikuwepo? Si ulimwona Makame kwenye mkokoteni wako?"

"Nilimwona, dada," alisema jirani. "Lakini sikujua nilikuwa namtazama nani."

Asubuhi kulikuwa na foleni mbele ya maghala yote ya bunduki nchini. Na Makame alichukuliwa na polisi kutoka kitandani zahanatini, mguu ukiwa umevimba, chembe ya nne ikiwa bado ndani.

*

Nchi hiyo haikuwa ya sauti moja tu, tusiionee. Lilikuwapo gazeti binafsi liitwalo Kilio, mali ya tajiri mmoja aliyekuwa akitengeneza mageti ya chuma na kukodisha mbwa wakali, na ambaye kila bunduki iliyouzwa ilimnyima usingizi. Jumanne Kilio lilitoka na picha ya Kidawa ukurasa wa kwanza, ile ya kitambulisho, macho yametiwa wino yakazidi kuwa meusi. BIBI WA DAMU. Ndani iliandikwa kwamba mwanamke huyo amezoea kuua, kwamba majirani wamemshuhudia mara nyingi akichinja kwa mkono wake, na kwamba sikukuu iliyopita aliua watano kabla ya saa nne asubuhi. Hawakuandika kwamba ni kuku. Ukurasa wa pili ulikuwa na tangazo la mageti.

Wateja wa mayai wakapungua. Waliobaki walikuja wamevaa miwani ya jua, wakaomba kupiga naye picha.

Kidawa alifunga safari mpaka mjini kwenye ofisi za Kilio. Alifikiri, na hapo ndipo unapoona jinsi alivyokuwa mwema, kwamba kama wa kwanza wamesema uongo, wa pili watafurahi kuusikia ukweli. Mhariri, Bwana Kibindo, mtu mzito mwenye macho ya kuchoka, alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kidawa akaona hatimaye amempata mtu.

"Nakuamini," alisema Kibindo.

"Alhamdulillahi. Basi andika."

"Niandike nini, mama? Kwamba bunduki ilikuwa kuukuu, kuku akapita, mtu akateleza? Serikali inataka bunduki iwe malaika. Sisi tunataka iwe shetani. Wewe umekuja hapa unataka iwe chuma tu. Gazeti la chuma tu atalinunua nani?"

"Shemeji yangu yuko rumande. Mguu wake unaoza."

"Hilo naweza kulitumia," alisema Kibindo, akachukua kalamu. "Unaoza kwa ukatili wako, sivyo?"

"Kwa risasi yangu, ndiyo, lakini..."

"Asante. Hapo panatosha."

*

Kesi ilisikilizwa baada ya wiki tatu. Nchi ilikuwa na Sheria ya Heshima ya Taarifa ya Habari, iliyosema kwa ufupi kwamba jambo likishasomwa saa mbili usiku halihitaji ushahidi mwingine. Kwa hiyo hakimu, mzee mwenye sauti laini asiyependa kumuudhi mtu, hakuuliza kama Makame alikuwa jambazi. Aliuliza tu majina ya wenzake sita.

"Sikuwa na wenzangu, mheshimiwa."

"Kijana, taarifa ilisema saba. Ukikataa unaitukana taarifa, na hilo ni kosa jingine, kubwa kuliko la kwanza. Nakuonea huruma. Taja."

Makame alisimama amejishika kwenye reli ya kizimba, mguu mmoja hewani. Alifikiri muda mrefu. Kisha akaanza kutaja majina, polepole, na karani akayaandika. Kidawa, kwenye benchi la mashahidi, yote aliyajua. Mzee Bakashi, aliyekufa kwa pumu. Fundi Tindo, aliyezama mtoni. Makame alikuwa anayasoma makaburi ya Mikoroshini kwa mstari, ili asimtie matatani hata mtu mmoja aliye hai. Jina la sita lilipomkwama alimtazama shemeji yake kwa macho ya kuomba radhi.

"Kombo bin Haji," alisema.

Hati za kuwakamata zilitolewa siku hiyo hiyo, na polisi wawili wakapangwa kulinda lango la makaburi, wasitoroke.

Kidawa aliitwa. Aliapa. Alisema yote, mayai, ndoo, tetea, na alipofika kwenye mkokoteni akashindwa kuendelea kwa kilio. Hakimu akamsubiri, akampa hata kitambaa chake. Halafu akaagiza televisheni iingizwe mahakamani, na wote wakamtazama Kidawa mwingine akisema bila kupepesa macho kwamba ameua na hajutii.

"Mahakama ina mashahidi wawili," hakimu akasema kwa masikitiko, "na wote ni wewe. Mmoja analia na hajielewi. Mwingine ametulia, anasema maneno machache, yaliyo wazi. Mama, ungekuwa mimi ungemwamini yupi?"

Makame alifungwa miaka saba. Hakimu alieleza kwamba hasa ilikuwa mwaka mmoja kwa kila jambazi, ila kwa kuwa wenzake hawajapatikana, itabidi awatumikie na wao.

*

Siku ya wageni gerezani Kidawa alikuta mguu umefika rangi ambayo hakupenda kuiangalia. Hapakuwa na daktari. Alipotoka pale langoni, gari jeusi lilikuwa linamsubiri, na ndani yake alikuwamo Waziri mwenyewe, anakula korosho.

"Bi Kidawa, taifa lina deni kwako," alisema Dk. Kirefu. "Nasikia jambazi lako linaumwa."

"Ni shemeji yangu, Mheshimiwa."

"Ndiyo, hilo jambazi. Tunao mpango unaitwa Majuto. Mfungwa anatoka, anatibiwa hospitali kubwa, analala kitanda kizuri. Anachofanya ni kuzunguka mikoani pamoja nawe katika Wiki za Mwananchi Jasiri. Wewe unasimama jukwaani na bunduki yako, yeye anakuja, unapiga, anaanguka. Risasi ya karatasi. Halafu anatubu. Ni burudani yenye mafunzo."

"Na nikikataa?"

Waziri akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Ukatae kumtibu ndugu yako? Mama, wewe si katili. Mimi gazeti la Kilio silisomi."

Basi ikawa hivyo. Chembe ya nne ilitolewa, mguu ukapona ukabaki na kilema, na miezi miwili baadaye wakaanza kuzunguka. Kiwanja kimoja leo, kingine keshokutwa. Askari sita wenye mapanga ya mbao walijaza idadi. Kidawa alifundishwa kusimama, kukaza macho, na kusema maneno yake manne. Sudi Fumbwe, aliyepandishwa cheo akawa Mratibu wa Ushujaa, alimkumbusha kila mara jambo lile lile: asiulize. "Ukiuliza 'ni nani wewe', watazamaji wanapoa. Shujaa hauulizi mlango, anaujibu."

Nyumba yake ikageuzwa makumbusho. Aliporudi siku moja kuchukua nguo zake alikuta inabidi apange foleni, na kuku wake wamekaushwa wakajazwa pamba. Walinzi wanne walimfuata hadi chooni, kwa sababu majambazi sita walikuwa bado hawajakamatwa. Alikwenda kituo cha polisi kuirudisha bunduki. Askari wa zamu alimpigia saluti, akaisoma namba, akairudisha mezani kwa heshima.

"Haiwezekani, mama. Hii sasa ni mali ya historia. Mwenye uwezo wa kuisalimisha ni historia."

Kilichomshikilia asipasuke kilikuwa Makame. Baada ya maonyesho walikaa nyuma ya jukwaa, wakala wali wao kwenye sinia moja, hawasemi kitu, na huo ukimya ulikuwa ndio ukweli pekee uliobaki katika nchi nzima. Wawili tu walikuwa wanajua.

Mpaka mchana mmoja, mdomo umejaa, Makame akasema: "Yule wa tatu leo kakosea. Wa tatu alikuwa anatokea kushoto."

Kidawa akaacha kula. "Wa tatu yupi?"

"Yule mfupi, mwenye panga."

"Makame. Hakukuwa na mtu bandani. Ulikuwa wewe na ndoo."

Makame alitazama huku na huku, akainama karibu. "Najua, shemeji. Lakini ukinikumbusha kila siku nitashindwa kuanguka. Na nisipoanguka vizuri wananirudisha ndani. Niache nisijue." Akasukuma kipande cha nyama upande wa sinia wa Kidawa, kama kumwomba radhi. "Wewe jua peke yako. Una moyo mgumu kuliko mimi."

*

Kwenye kiwanja cha Kwamtipura, alasiri moja, mwanamke aliwapita walinzi wote wanne. Walimruhusu kwa sababu alikuwa amevaa nishani, ile ndogo ya shaba wanayopewa raia waliofuata mfano. Alikuwa rika la Kidawa, mwembamba, kanga imefungwa vizuri mno, kama iliyofungwa na mtu mwingine. Akaingia ndani ya hema, akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

"Naitwa Somoe," alisema. "Nimetembea tangu asubuhi. Nina swali moja tu, dada yangu, kisha nitaondoka."

"Karibu. Kunywa maji kwanza."

Hakuyagusa maji. Alieleza kwamba yeye ni mjane vilevile, anaishi peke yake, na kwamba alimwona Kidawa kwenye televisheni mara nyingi. Alinunua bunduki katika Wiki ya pili ya Mwananchi Jasiri. Akajifunza kusimama. Kisha siku moja, saa kumi alfajiri, mvua inanyesha, alisikia mlango wa jikoni ukisukumwa.

"Nikafanya kama wewe. Sikupiga kelele. Sikuuliza."

Kidawa akavuta kiti, akakaa mkabala naye.

"Binti yangu Subira anafundisha shule, mbali, kule bara. Anakuja kila Desemba. Hii haikuwa Desemba." Somoe alisema kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya mwingine. "Alikuwa na mfuko wa maembe. Nadhani alitaka kunishtua. Alikuwa hivyo tangu mdogo."

Nje kipaza sauti kilikuwa kinawapanga watoto wa shule kwa mistari.

"Televisheni walikuja," Somoe akaendelea. "Wakasema jambazi la kike lililochukua sura ya mtoto wa nyumba. Wakanipa hii. Gazeti likasema mama muuaji. Ndugu zangu wengine wanashika hili, wengine lile, na mimi nimekaa katikati sina pa kushika. Nataka kuwaamini wa televisheni. Usiku na mchana najaribu. Ndiyo maana nimekuja kwako. Wewe uliwaona kabisa. Niambie, ulijuaje kwamba ni wao?"

Kwa miezi minane Kidawa alikuwa akimtafuta mtu mmoja wa kumwambia. Mahakama ilikataa, gazeti lilikataa, Makame naye alikwisha kuomba aachwe. Sasa alikuwa ameletewa mtu hadi hemani, aliyetembea tangu asubuhi, aliyemtazama mdomoni akisubiri. Akamshika mikono yote miwili.

"Somoe, dada yangu. Mimi sikuwaona. Hapakuwa na..."

Somoe alichomoa mkono mmoja haraka, akamfunika mdomo. Kiganja kilikuwa cha baridi.

"Usiseme hivyo," alinong'ona. "Tafadhali. Kama wewe hukuona kitu, basi mimi niliona nini?"

Mkono ulibaki mdomoni mwa Kidawa. Alimtazama yule mwanamke. Aliona kwamba ukweli wake, ule alioubeba kama yai ndani ya nguo, akiutoa sasa hautamfungua mtu yeyote. Utamuua huyu. Akauondoa ule mkono taratibu, akaushikilia mapajani.

"Walikuwa saba," alisema Kidawa.

Somoe akafumba macho.

"Wa kwanza alikuwa mrefu. Nilimjua kwa jinsi alivyoshusha pumzi, si pumzi ya mtu mwema, mtu wa nyumbani hapumui vile. Wa pili alikuwa nyuma yake. Wa tatu mfupi, ametokea kushoto, ana panga. Hata ungeuliza jina, wasingekujibu. Hawa hawana majina, Somoe. Huchukua sura wanayoitaka."

"Wanachukua sura," alirudia Somoe.

"Wanachukua. Hata sauti."

Aliendelea. Hakuna aliyemlazimisha, hakuna aliyemwandikia. Alitia matope kwenye viatu vya wa nne, kovu kwenye shavu la wa tano, na machozi yalikuwa yakimtoka wakati wote lakini sauti haikutikisika. Somoe alikuwa akihesabu kwa vidole, kama mtoto anayejifunza, na kila kidole kilipokunjwa mabega yake yalishuka kidogo.

Pazia la hema likafunguka. Sudi Fumbwe alikuwa amesimama pale na kinasa sauti mkononi, na kwa jinsi alivyosimama ilionekana hakufika sasa hivi.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, karibu ya ibada. "Hiyo. Hiyo ndiyo sauti tuliyokuwa tunaitafuta miezi yote hii. Twende jukwaani kabla haijapoa."

Kidawa akainuka. Walinzi walikuwa wameshaileta bunduki, imepakwa mafuta. Makame alipita nje akichechemea kwenda kwenye alama yake, na umati ulipomwona ukaanza kupiga makofi.

Somoe hakumwachia mkono.

"Bado wawili," alisema.

Kidawa akakaa tena.